Watoto wanauliza "ni ngapi?" kabla hawajagusa sufuria. Kwani nyinyi husukumwa na nini kufanya kazi?

mama_lanet (Nakuru)

Hamjambo watu wangu. Nina watoto watatu, mkubwa yuko Gredi 8, wa katikati Gredi 5 na kitinda mimba PP2, bado chekechea. Likizo ya Agosti ndugu yangu alikuja kutembea, yeye ni mtu wa roho safi na mfuko wake haukauki, akaona vile napiga kelele kila asubuhi ndio vyombo vioshwe, akacheka akasema dada wewe hujui kusimamia watu. Akachukua karatasi akabandika kwa ukuta wa jikoni: kuosha vyombo bob 20, kupiga deki 30, kuanika nguo 10, kuchota maji siku mfereji umekauka bob 5 kila mtungi. Na alilipa kweli, kila jioni, pesa mkononi. Nyumba iling'aa mpaka jirani akauliza kama kuna wageni wa posa wanakuja.

Sasa ndugu yangu amerudi kwake na karatasi imebaki. Ukisema chukua hiyo sufuria uoshe, mkubwa anauliza ni ngapi. Wa katikati anasema mjomba alikuwa analipa 20 na wewe unataka bure. Hata huyu wa PP2, ambaye alikuwa analia akinyimwa ufagio, alikuwa anapenda kufagia huyo jamani, saa hii anakunja mikono. Baba yao anasema tulipe tu, ni pesa kidogo. Nyanya yao huko Bahati anasema nipande mpera karibu na mlango, na mnajua fimbo ya mpera ni ya nini.

Ningenyamaza lakini kazini pia kuna kitu kinafanana na hicho. Nasimama kaunta kwa duka moja la jumla hapa mjini, bosi alichoka na watu kuchelewa akaweka faini, ukiingia baada ya saa mbili ni bob 100. Zamani ukichelewa ulikuwa unapitia mlango wa nyuma umeinamisha kichwa, unaomba msamaha hata kwa mlinzi. Siku hizi mtu anaingia saa mbili na nusu na flaski yake ya chai, anaweka soo kwa kaunta, na ukimwangalia vibaya anakuuliza si nimelipa?

Na mimi mwenyewe sijielewi pia. Kukiwa na matanga kwa jirani naamka kabla ya jogoo, namenya viazi gunia zima, nasugua masufuria ya watu mia mbili na naimba nikisugua, hakuna aliyenilipa hata senti. Lakini nguo zangu mwenyewe zinaweza kaa kwa beseni mpaka maji yanuke. Sasa niambieni, ni nini hufanya mtu aamke afanye kitu? Na hawa watoto nilipe ama nisilipe?

boda_kondele

Njaa. Swali lingine?

mama_lanet

@boda_kondele nimecheka lakini njaa haielezi matanga. Huko nilikuwa nimeshiba.

boda_kondele

Sawa mama wacha nijibu vizuri, niko steji hapa na kastoma hakuna. Hii piki si yangu, ni ya mwenyewe, kila siku lazima nimpelekee hesabu yake kwanza. Mafuta ni juu yangu. Sasa sikia, asubuhi mpaka hiyo hesabu itimie naendesha tu kwa sababu sina njia, mtu akiniambia Mamboleo mia naenda, akisema sabini tunabishana. Hesabu ikishatimia hapo ndio naanza kufanya kazi, mwili unaamka, hata naimba. Ni ile barabara, ni ile piki, ni lile jua la Kondele, kitu kimebadilika ni kwamba hii sasa ni yangu. Kwa hivyo mimi naona si pesa peke yake, ni pesa ya nani.

Lakini pia nikishapata ile nilikuwa nataka siku hiyo naenda nyumbani, siwezi danganya. Kama mtoto anadaiwa ya mtihani leo nitakaa steji mpaka saa nne usiku. Kama hakuna kitu kinanisukuma saa kumi na moja niko kwa kochi naangalia mpira.

mwl_amukura

Boda hiyo umesema imeandikwa. Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifuatilia jamaa wa boda za baiskeli huku kwetu Busia, enzi zile baiskeli ndio zilikuwa zinabeba watu, wakawa wanaandika kila siku nani alikuwa na haja ya pesa leo, ya nini, na alifanya kazi saa ngapi. Wakapata ni vile vile: siku yenye haja mtu anapiga kazi zaidi, na akishapata ya kutosha haja hiyo uwezekano wa kwenda nyumbani unapanda. Kitabuni mchumi angekuambia ufanye kazi sana siku kastoma ni wengi na upumzike siku ni wachache, lakini mtu wa kawaida hatembei hivyo, anatembea na kile kiko mbele yake leo.

Nitarudi kwa swali la mama, niko darasani.

njoro_saiko

Mama Lanet, hiyo ya kitinda mimba na ufagio ndio imenifanya niingie. Nasomea saikolojia hapa Egerton na hicho kisa chako ni kama umekinakili.

Mwaka wa 1973 Mark Lepper na wenzake wawili walienda kwa shule ya chekechea ya chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Walitafuta watoto ambao tayari wanapenda kuchora na kalamu za rangi, hawa hakuna mtu anawasukuma. Wakawagawanya. Wa kwanza wakaambiwa mkichora mtapata cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe. Wa pili wakachora tu halafu wakapewa hicho cheti bila kuambiwa mbele. Wa tatu hawakupewa kitu. Baadaye, zimepita kama wiki moja ama mbili hivi, kalamu zikawekwa tena darasani, hakuna cheti, kila mtu acheze na anachotaka. Wale walioahidiwa cheti sasa walikuwa wanachora karibu nusu ya muda wa wengine. Lakini wale walipewa ghafla bila ahadi hawakuharibika, walichora kama kawaida.

Kwa hivyo si zawadi ndio iliharibu, ni ile bei iliyobandikwa kwa ukuta mbele ya kazi. Mtoto wako alikuwa anafagia kwa sababu anapenda na anajiona mkubwa. Mjomba akaja akamwambia kufagia ni kazi ya kulipwa. Mtoto hajakosea hesabu, amefikiria tu kwamba kama lazima nilipwe basi hii kitu haiwezi kuwa tamu.

Miaka miwili kabla, 1971, Edward Deci alikuwa amefanya hiyo na wanafunzi wa chuo. Aliwapa vipande vya mbao vya kupanga maumbo, fumbo linaitwa Soma. Kikundi kimoja kikalipwa dola moja kwa kila umbo siku moja tu. Siku iliyofuata malipo hakuna, na wakati wa mapumziko wakiachwa peke yao wale waliokuwa wamelipwa waligusa hayo mafumbo kidogo kuliko walivyokuwa wanayagusa kabla ya kulipwa.

Na ya bosi wako ndio usiseme. Haifa, Israeli, kulikuwa na shule kumi za watoto wadogo, wazazi wanachelewa kuwachukua jioni. Uri Gneezy na Aldo Rustichini wakafanya shule sita ziweke faini, shekeli 10 ukipitisha dakika kumi. Wazazi wakaanza kuchelewa zaidi, karibu mara mbili ya zamani. Mbeleni ulikuwa unaona aibu kwa sababu mwalimu wa watu anakungoja. Sasa umelipia muda wake. Na kitu kinaumiza ni hiki, faini ilipoondolewa hawakurudi kuwahi, kuchelewa kulibaki pale juu. Aibu ikishauzwa haununui tena.

kiplagat_mzee (Nandi Hills)

Kijana wa Njoro nimekusoma vizuri na unaandika vizuri, lakini wacha nikuulize kitu kimoja. Hao watoto wa Stanford walikuwa wanachora. Kuchora ni kutamu. Wewe ushawahi sugua sufuria ya ugali imeshika chini, maji baridi, saa moja asubuhi, Julai? Nani anapenda hiyo ndio utuambie upendo wake umeharibiwa na bob 20.

Mimi nimefanya shamba la chai miaka mingi, kwanza kuchuma halafu nikawa karani wa kupima. Chai inalipwa kwa kilo. Hakuna mtu anachuma kwa sababu roho yake inaimba, tukitoa kilo hakuna chai inatoka hapo. Hii mambo ya mtu afanye kazi kwa kupenda ni ya watu wako kwa ofisi yenye zulia. Lakini pia pesa ya kilo ina macho yake. Chai nzuri ni majani mawili na kichipukizi, mtu akilipwa kilo anaongeza jani la tatu la nne, ngumu, mzito, anaweka chini ya kikapu na laini juu. Kwa hivyo karani lazima aingize mkono mpaka chini. Ukilipa kitu kimoja utapata hicho kimoja, ile kitu nyingine haulipii utaitafuta kwa mkono wako mwenyewe. Siku hizi mashine zimechukua kazi nyingi huko na hiyo ni hadithi nyingine yenye hasira sitaki kuianza.

Mama, nenda uangalie hivyo vyombo vya bob 20 vilikuwa vinaoshwa na nyuma?

mama_lanet

@kiplagat_mzee mzee umenipata. Nyuma ya sufuria masizi yalikuwa vile vile. Na vikombe walikuwa wanaosha vile visafi kwanza ndio wahesabiwe.

njoro_saiko

Mzee Kiplagat hapo sina ubishi mkubwa, na hata wenyewe watafiti wanakubaliana na wewe. Mwaka wa 1999 Deci na wenzake walikusanya majaribio 128 wakayaweka pamoja, na lile jambo la zawadi kuua hamu lilionekana kwa kazi ambazo zinavutia. Kwa kazi za kuchosha halikuonekana, maana hakuna hamu ya kuua. Kwa hivyo ufagio wa PP2 ni kisa kimoja na sufuria ya Gredi 8 ni kingine kabisa, tulikuwa tunazichanganya.

Lakini kuna jaribio lingine la 1994 ambalo mimi ndio nalipenda kuliko yote kwa sababu kazi yake ni ya upuuzi kabisa. Watu waliwekwa mbele ya kompyuta kuangalia doti za mwanga, doti ikitokea unabonyeza, basi. Kuna walioambiwa sababu ya kufanya hivyo, kwamba ni zoezi la kusaidia umakini. Kuna wale walioambiwa waziwazi kwamba tunajua hii inachosha. Na kuna walioongeleshwa kama watu wenye uamuzi, si "lazima ufanye". Waliopata haya mambo pamoja waliendelea kubonyeza doti hata walipoachwa huru, na walisema wameona maana yake. Hakuna mtu alisema ni tamu. Sasa mama zenu, na mama yangu pia Mungu ambariki, hawasemi hivyo. Wanasema "osha hivyo vyombo kabla sijainuka hapa".

boda_kondele

Mathe akisema kabla sijainuka hapa hiyo ni motisha tosha, hakuna haja ya kompyuta 😂

mwl_amukura

Nimerudi. Wacha nielezee ya huku kwetu kwa sababu watu wanafikiri haya majaribio hufanywa Marekani peke yake, kumbe Busia na Teso tumepimwa kuliko pengine sehemu yoyote ya Kenya.

Kwanza walimu. Mwaka wa 1998 na 1999 shule za msingi 50 huku ziliwekwa kwa mpango wa zawadi, darasa la nne mpaka la nane. Watoto wakifanya vizuri kwa mitihani ya wilaya, ama shule ikipanda sana kutoka pale ilikuwa, walimu wote wa hayo madarasa wanapata. Si pesa taslimu. Suti, seti ya sahani na vijiko, seti ya chai, mashuka na blanketi. Msicheke, mwalimu wa wakati huo alikuwa anavaa suti moja mpaka mgongo ung'ae, na hizo zawadi kubwa zilifika asilimia 43 ya mshahara wa mwezi. Na nini kilitokea? Alama zilipanda kwa ile mitihani yenye zawadi. Lakini walimu hawakuanza kuja shule zaidi, waliokuwa wanakosa waliendelea kukosa, homuwaki haikuongezeka, kitu kiliongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Mpango ukaisha, na alama zilizopanda hazikukaa. Michael Kremer alikuwa kwa hao watafiti, huyo ndiye alipata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo. Mzee Kiplagat atasema ni jani la nne chini ya kikapu, na mimi kama mwalimu nakubali kwa aibu kidogo, ingawa enzi hizo nilikuwa bado mwanafunzi wa praimari.

Halafu wasichana. Hii ndio watu hawaijui na mimi nikiisimulia kwa wazazi wananyamaza. Kuanzia 2001, shule nusu kati ya zile zilizoandikishwa, wasichana wa darasa la sita waliambiwa asilimia 15 ya juu watafadhiliwa miaka miwili, bob 500 inaenda shuleni kulipa karo, bob 1,000 inaenda kwa mzazi ya sare na vitabu, na watatajwa mbele ya watu kwa sherehe, wazazi wameketi hapo. Alama za wasichana zikapanda, sawa, hiyo ungetarajia. Lakini Busia hata wasichana wa chini kabisa darasani, wale ambao kila mtu alijua hawatafika hiyo 15, walipanda. Wavulana ambao hakuna kitu walikuwa wamewekewa, nao wakapanda. Na walimu wakaanza kuonekana shuleni zaidi. Zawadi ya walimu haikuleta walimu, zawadi ya watoto ndio ilileta! Mimi hiyo nimeifikiria sana. Nafikiri mzazi akishajua kuna kitu mtoto wake anaweza kupata atakuja kuuliza mwalimu yuko wapi. Na mtoto akikaa katikati ya wenzake wanaosoma kwa bidii anaona aibu kulala. Teso matokeo hayakuwa wazi hivyo, nisiwadanganye, kule wazazi hawakuupokea mpango kwa moyo kama Busia.

Kwa hivyo Mama Lanet, zawadi inafanya kazi, swali ni inaangukia wapi na nani anaiona.

Ya mwisho kabla kengele. Kuna mtoto tunasema mvivu na si mvivu. Huku huku Busia kuanzia 1998 shule 75 zilihusishwa na mpango wa dawa za minyoo, na watoto waliopata walipunguza kukosa shule kwa karibu robo. Hakuna hotuba walipewa, hakuna cheti, wamemeza dawa tu. Mimi mtoto akilala darasani siku hizi nauliza kwanza umekula nini jana.

dada_dunga (Kisumu)

Nyinyi watu wa vitabu mmeongea mpaka omena yangu imekauka. Mama Lanet mimi nakujibu ile ya matanga kwa sababu hakuna mtu ameigusa na ndio swali lenyewe.

Matanga unaimba kwa sababu uko na wenzako. Hebu fikiria uwekwe jikoni peke yako na hayo masufuria ya watu mia mbili, usikie wengine wanaongea nje, ungeimba? Ungelia. Hapo kwa matanga kuna mwenye anamenya, kuna mwenye anachochea moto, kuna yule anapiga domo tu na mnamvumilia kwa sababu anachekesha, na kila mtu anajua siku yake ikifika hawa ndio watakuja. Nguo zako kwa beseni hazina mtu. Sisi huku pwani ya ziwa kuanika omena ni kazi ya kuvunja mgongo, unainama kwa nyavu unapanga unageuza, na mvua ikitisha mnakimbia kuanua. Mimi nikiwa peke yangu naanika ndoo mbili nachoka. Tukiwa wanne tunaanika mpaka jioni na sijui muda umeenda wapi.

Chama pia ni hivyo hivyo. Nikiambiwa weka pesa kwa nyumba siwezi, nitakula. Nikijua Alhamisi wenzangu watakuja na kitabu na jina langu liko hapo, hiyo pesa nitaitoa hata kama nimelala njaa. Si riba, riba ni ndogo. Ni macho ya watu.

Sasa kwa watoto wako hebu jaribu hivi, usiwaite mmoja mmoja kama karani. Baada ya kula jioni nyote watano mnaingia jikoni, wewe unaosha, mkubwa anasuuza, wa katikati anapanguza, baba yao anapanga kabati, PP2 afagie kama anataka. Weka redio. Wa kwangu walikuwa wakaidi sana kwa vyombo mpaka nikaacha kuwatuma nikaanza kuingia nao, na ndio hapo wasichana wangu huniambia mambo ya shule ambayo nisingeyajua hata ukilipa.

mama_lanet

@dada_dunga baba yao apange kabati? 😂 Huyu hajui hata vijiko vinakaa wapi.

dada_dunga

Atajua. Watoto wakiona baba ameinuka hakuna mtu atauliza ni ngapi.

kiplagat_mzee (Nandi Hills)

Hapo dada wa Dunga amenishinda. Huko chai pia tulikuwa tunachuma kwa mistari, na karani mjanja hakuwa anaweka wachumaji wazuri mstari mmoja, alikuwa anawatawanya. Yule mwepesi akiwa kando yako mkono wako unafuata wenyewe.

Lakini mimi bado nasema mama mtoto wa Gredi 8 anahitaji pesa yake. Mvulana wa miaka kumi na nne bila bob mfukoni ataitafuta mahali hutaki. Mpe kazi ya pesa ambayo si ya nyumba. Vyombo anavyokula hivyo ni vyake, aoshe. Lakini kuku, ama kuosha gari la jirani, ama hiyo viazi mnauziwa na gunia afungue azipange auze kwa mafungu pale nje, hiyo faida ni yake yote, na hasara pia ni yake. Usimwekee bei wewe. Na ukishampa usimkalie juu ya kichwa ukimwambia geuza hivi panga hivi, hapo tena inarudi kuwa yako.

boda_kondele

Ndio nilisema hapo juu, pesa ya nani. Mzee tuko pamoja.

njoro_saiko

Naunga mkono. Deci na Richard Ryan wanasema mtu ana haja tatu: aone anaamua mwenyewe, aone anaweza hiyo kazi, na aone ana watu. Boda amesema ya kwanza, dada wa Dunga ya tatu, na mimi naona hiyo ya kati ndio tunaisahau, kumwambia mtoto kitu hasa amefanya vizuri. Si "hongera" ya jumla. "Leo umesugua mpaka masizi ya nyuma", hiyo anaisikia. Kwa PP2 mimi ningetoa tu ile karatasi kwa ukuta, nisiseme lolote, na nikimuona ameshika ufagio nisimpe bob, nimwambie nimeona umefika mpaka chini ya kochi.

mama_lanet

Karatasi nimeitoa saa hii saa hii. Mkubwa ameuliza iko wapi nikamwambia mjomba amekuja kuichukua kwa simu. Ya viazi amekubali haraka sana mpaka nimeogopa, ameshaanza kuuliza gunia ni pesa ngapi pale Wakulima. Ya bosi na faini nimeona hata nikimwambia hatasikia, na kama kweli ikiondolewa watu hawarudi basi amejifunga mwenyewe. Labda nimwambie watu wa kaunta watengeneze zamu zao wenyewe, maana wale wanachelewa ni wale wanashusha watoto shule na wangependa kuingia saa tatu watoke jioni.

shamba_kitale

Nimechelewa kufika hapa lakini nina swali linakaribia. Kila mwaka nikivuna naapa mwaka ujao nitaweka mbolea vizuri, na nina nia kabisa, si uvivu, lakini Machi ikifika mfuko uko tupu napanda na mbolea nusu ama bila. Hiyo nayo ni motisha inakosa ama ni nini?

mwl_amukura

Nia iko, pesa ndio haingoji. Hiyo pia imepimwa huku. Duflo, Kremer na Robinson waliona wakulima wa Busia wanasema wazi watanunua mbolea, na wakati wa kupanda hawanunui. Wakaanzisha mpango unaitwa SAFI, wanakuja kwako mara tu baada ya mavuno ukiwa bado na pesa ya mahindi, unalipia mbolea hapo hapo kwa bei ya kawaida na unaletewa bure siku unataka. Bei haikushuka, na bado watu wengi zaidi walitumia mbolea, karibu kama vile wangepunguziwa bei nusu nzima wakati wa kupanda. Wewe fanya SAFI yako mwenyewe. Siku gari la mahindi linaondoka na pesa iko kwa M-Pesa, kabla hujapita kwa nyama choma, pitia kwa duka la mbolea ulipie hata kama ni mfuko mmoja.

shamba_kitale

Na nikinunua Novemba niweke wapi mpaka Machi? Stoo yangu ina panya.

mwl_amukura

Panya hali mbolea ndugu yangu, anakula mahindi. Adui wako ni unyevu, usiweke mfuko kwa sakafu ama ukauegemeza ukuta, weka juu ya mbao na ukishafungua uufunge tena vizuri la sivyo itagandamana iwe jiwe.

boda_kondele

Kama iko Kisumu mimi naweza kukubebea mpaka steji ya Kitale, mifuko miwili kwa mara moja, bei tutaongea 😂